Ombi Moja, Mkopo Mmoja: Jinsi Kanzidata Inavyolinda Uhusiano wa Mmoja kwa Mmoja

Uhusiano wa mmoja kwa mmoja katika kanzidata ni kanuni inayosema kwamba rekodi moja ya jedwali fulani huambatana na rekodi moja tu ya jedwali jingine, na hiyo ya pili nayo haina mwenza mwingine. Si sawa na "moja kwa moja" ya mazungumzo ya kila siku, yaani bila kupitia kwingine. Hapa kinachozungumziwa ni idadi.

Mfano wake mzuri unapatikana katika chama cha akiba na mikopo, SACCOS. Mwanachama hupeleka ombi la mkopo. Ombi likipitishwa huzaa mkopo mmoja, na mkopo huo hauna ombi jingine lililouzaa. Ombi hilohilo likizaa mikopo miwili, fedha hutoka mara mbili na mwanachama huandikiwa deni ambalo hakuliomba. Programu ya wavuti inayoendesha chama cha namna hiyo inatakiwa kuhakikisha jambo hilo halitokei, hata pale maofisa wawili wa mikopo wanapobonyeza kitufe cha kuidhinisha kwa wakati mmoja.

Ufunguo wa kigeni na sharti la upekee

Kanzidata za majedwali zina chimbuko katika makala iliyochapishwa Juni 1970 na Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya utafiti ya IBM huko San Jose, California. Codd alipendekeza kwamba data zote zikae kwenye majedwali, na kwamba uhusiano kati ya jedwali na jedwali uonekane kwa thamani zilizoandikwa ndani ya majedwali yenyewe. Kila mstari hupewa alama inayoutofautisha na mingine, kwa kawaida namba, nayo huitwa ufunguo mkuu. Jedwali jingine likitaka kuutaja mstari huo, huiandika namba hiyo katika safu yake. Namba iliyoazimwa kwa namna hiyo ndiyo ufunguo wa kigeni.

Mwaka 1976 Peter Chen alichapisha modeli ya vitu na mahusiano yao, ambayo hadi leo hutumika kuchora ramani ya kanzidata kabla ya kuijenga. Ndani yake mahusiano hupangwa kwa idadi. Tawi moja la SACCOS lina wanachama wengi, na kila mwanachama ni wa tawi moja: huo ni uhusiano wa mmoja kwa wengi. Mwanachama anaweza kudhamini mikopo mingi, na mkopo mmoja unaweza kuwa na wadhamini kadhaa: huo ni wa wengi kwa wengi. Ombi na mkopo ni mmoja kwa mmoja.

Ufunguo wa kigeni peke yake haujui tofauti ya aina ya kwanza na ya tatu. Jedwali la mikopo likiwa na safu iitwayo ombi_id, kanzidata itahakikisha tu kwamba kila namba iliyoandikwa humo ni ya ombi lililopo kweli. Haitajali namba 318 ikionekana mara moja, mara mbili au mara kumi. Kinachougeuza uhusiano kuwa wa mmoja kwa mmoja ni sharti la upekee, ambalo katika lugha ya SQL huandikwa kwa neno UNIQUE. Safu ikishawekewa sharti hilo, namba 318 ikiwamo tayari, jaribio la kuiandika tena hukataliwa. Mafahali wawili hawakai zizi moja.

Kuihakiki kanuni kabla ya kuiandika

Sharti la upekee ni kali, kwa hiyo swali la kwanza si la kiufundi: je, kanuni hiyo ni ya kweli nje ya kompyuta? Ndoa inatoa somo zuri. Chen mwenyewe aliitaja ndoa kuwa mfano wa uhusiano kati ya watu wawili, na ni rahisi kwa msanifu kuichukulia kuwa ni mume mmoja kwa mke mmoja. Lakini Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inatambua ndoa za mke mmoja na za wake wengi, na Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 nayo inazitambua ndoa za wake wengi zinazofungwa kimila na Kiislamu. Mfumo wa bima au wa mirathi uliojengwa kwa kufuata dhana ya mke mmoja utakataa familia halali. Karani naye, akitaka kazi yake iende, atatafuta njia ya kuuzunguka, kwa mfano kumwandika mke wa pili kuwa ni dada.

Namba ya utambulisho yenye tarakimu 20 inayotolewa na NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa nchini Tanzania, imekusudiwa iwe moja kwa kila mtu, na kila mtu awe na moja. Hapo sharti la upekee linafaa. Laini za simu ni habari nyingine: mtu mmoja anaweza kusajili zaidi ya laini moja kwa namba hiyohiyo, kwa hiyo uhusiano wa mtu na laini ni wa mmoja kwa wengi. Mfumo unaodai kila mwanachama awe na namba moja tu ya simu, na kila namba ya simu iwe ya mwanachama mmoja tu, utamkwaza mwenye laini mbili, na pia mama anayetumia simu moja na binti yake.

Majedwali mawili au moja

Swali la pili ni kama majedwali mawili yanahitajika kweli. Vitu viwili visivyotengana vinaweza kukaa kwenye mstari mmoja wa jedwali moja, na hapo suala la kulinda uhusiano linakwisha lenyewe. Tarehe ya kuzaliwa ya mwanachama haina haja ya jedwali lake.

Kutenganisha kunafaa kwa sababu chache. Mojawapo ni pale upande mmoja unapoweza kukosekana: maombi mengine hukataliwa, hivyo si kila ombi lina mkopo. Nyingine ni usiri, kwa mfano taarifa za afya za mwanachama zinazotakiwa kusomwa na watumishi wachache tu. Ya tatu ni uzito: picha za vitambulisho zilizochanganywa na taarifa zinazosomwa kila dakika huuchelewesha mfumo. Ya nne ni historia ya mfumo wenyewe. Kiunzi cha programu huja na jedwali lake la akaunti za kuingilia, lenye jina la mtumiaji na nywila, ilhali chama kina jedwali lake la wanachama. Kila akaunti inapaswa kuunganishwa na mwanachama mmoja.

Njia mbili za kuufunga uhusiano

Njia ya kwanza ni hiyo iliyokwisha kutajwa: ufunguo wa kigeni wenye sharti la upekee. Ufunguo huwekwa upande unaotegemea mwenzake. Mkopo hauwezi kuwapo bila ombi, lakini ombi linaweza kuwapo bila mkopo, kwa hiyo ombi_id hukaa katika jedwali la mikopo. Huongezewa pia sharti la NOT NULL, linalokataza safu hiyo kuachwa tupu. Masharti hayo matatu kwa pamoja yanasema hivi: kila mkopo una ombi, ombi hilo lipo kweli, na halina mkopo mwingine.

Njia ya pili ni kushiriki ufunguo mkuu. Mkopo haupewi namba yake. Namba ya ombi ndiyo inayokuwa ufunguo mkuu wa mkopo na papo hapo ufunguo wa kigeni. Kwa kuwa ufunguo mkuu haurudiwi na hauachwi tupu, uhusiano umefungwa bila sharti la ziada. Njia hii ni fupi, ila hubana siku kanuni inapobadilika. Chama kikiamua baadaye kwamba ombi moja linaweza kulipwa kwa awamu mbili, kila awamu ikiwa mkopo wake, mwenye njia ya kwanza ataondoa sharti moja tu, lakini mwenye njia ya pili atalazimika kubadilisha funguo za jedwali zima na za majedwali yote yanayolirejelea.

Katika njia zote mbili, ulinzi hufanywa kwa faharasa. Kanzidata huzipanga thamani za safu katika muundo wa mti uliopangiliwa, mfano wa kamusi inavyopanga maneno, kiasi kwamba kuitafuta namba moja kati ya mamilioni huchukua hatua chache tu. Ndiyo maana sharti la upekee haliuchoshi mfumo.

Kwa nini msimbo wa programu hautoshi

Watengeneza programu wengi huanza kwa kuuweka ulinzi ndani ya programu. Kabla ya kuandika mkopo mpya, programu huiuliza kanzidata kama ombi 318 lina mkopo tayari. Likiwa nao, ofisa huonyeshwa ujumbe wa kukataliwa. Likiwa halina, mkopo huandikwa. Katika majaribio ya mtu mmoja kwenye kompyuta moja, mpango huu haukosei.

Hukosea pale watu wawili wanapofika pamoja. Seva ya wavuti huhudumia watumiaji wengi kwa wakati mmoja, kila mmoja kwa mchakato wake. Mchakato wa kwanza unauliza kama ombi 318 lina mkopo, unajibiwa kuwa halina. Milisekunde chache baadaye, kabla wa kwanza haujaandika chochote, mchakato wa pili unauliza swali lilelile na kupata jibu lilelile. Yote miwili imeambiwa kweli, na yote miwili inaandika. Ombi moja sasa lina mikopo miwili, na hakuna mstari wa msimbo uliokwenda kinyume na maagizo.

Hali hiyo haihitaji maofisa wawili. Mtu mmoja anayebonyeza kitufe mara mbili kwa sababu mtandao unasuasua anatosha. Programu ya simu inayojirudia yenyewe inapokosa jibu hufanya vivyo hivyo. Kukizima kitufe baada ya kubonyezwa mara ya kwanza hupunguza matukio, lakini hakumzuii mwenye madirisha mawili ya kivinjari.

Wengine hudhani dawa ni kuyafunga maswali na maandishi ndani ya muamala mmoja wa kanzidata. Muamala huhakikisha hatua zote zinafanyika au zote zinatanguka, lakini kwa mpangilio wa kawaida wa kanzidata za PostgreSQL na MySQL muamala mmoja hauoni maandishi ya mwingine ambayo bado hayajathibitishwa. Kila mmoja utaona ombi halina mkopo na kuendelea.

Sharti la upekee hutenda tofauti kwa sababu ukaguzi na uandishi hufanyika mahali pamoja. Katika PostgreSQL, mchakato wa pili ukijaribu kuandika namba 318 wakati wa kwanza umeiandika lakini haujathibitisha, hulazimika kusubiri. Wa kwanza ukithibitisha, wa pili hukataliwa; wa kwanza ukitangua, wa pili huruhusiwa. Hakuna mwanya wa katikati.

Jinsi viunzi vya programu vinavyolitazama jambo hili

Viunzi vinavyotumiwa kujenga programu za wavuti vina maneno yake ya kutaja uhusiano wa mmoja kwa mmoja, lakini maneno hayo hayabebi uzito sawa. Katika Django, kiunzi cha lugha ya Python kilichotolewa kwa umma mwaka 2005, OneToOneField huunda ufunguo wa kigeni pamoja na sharti la upekee ndani ya kanzidata. Anayeitumia amepata ulinzi kamili kwa neno moja.

Katika Rails, kiunzi cha lugha ya Ruby cha mwaka 2004, tamko la has_one ni maelezo kwa programu tu. Haliweki sharti lolote kwenye jedwali. Kiunzi hicho kina pia ukaguzi wa upekee, lakini huo hufanya kazi kwa kuuliza kwanza na kuandika baadaye, na mwongozo wake wenyewe unaonya kwamba miunganisho miwili inaweza kupenya na kuandika thamani moja. Laravel, kiunzi cha lugha ya PHP cha mwaka 2011, kina hasOne, ambayo huchukua rekodi ya kwanza inayopatikana na kuirudisha. Rekodi zikiwa mbili, ya pili hubaki imefichika: ofisa huona mkopo mmoja kwenye skrini, huku jumla ya madeni kwenye ripoti ya mwezi ikihesabu yote miwili. Kosa la namna hiyo huweza kukaa miezi kabla mhasibu hajaligundua. Kwa Rails na Laravel, mtengeneza programu anatakiwa kuongeza faharasa ya upekee mwenyewe anapoandika mabadiliko ya muundo wa jedwali.

Kanzidata nazo zina tabia zake. SQLite haisimamii funguo za kigeni mpaka iamriwe kufanya hivyo katika kila muunganisho. Katika MySQL, majedwali ya aina ya zamani ya MyISAM hukubali tamko la ufunguo wa kigeni na kulipuuza. Aina ya InnoDB, inayolisimamia, ndiyo imekuwa chaguo la kawaida tangu toleo la 5.5 la mwaka 2010.

Kosa linaporudi kutoka kwenye kanzidata

Sharti likikiukwa, kanzidata hurudisha kosa lenye namba: 23505 kwa PostgreSQL, 1062 kwa MySQL. Programu isiyolitarajia kosa hilo humwonyesha mtumiaji ukurasa wa kutisha unaosema seva imeanguka. Programu iliyoandikwa vizuri hulidaka na kulitafsiri: "Ombi hili limekwisha kuidhinishwa." Kwa aliyebonyeza kitufe mara mbili ni bora zaidi kumpeleka kwenye ukurasa wa mkopo uliokwisha kuandikwa, kwa sababu alichotaka kimefanyika.

Ukaguzi wa ndani ya programu haupotezi maana yake. Humwambia mtumiaji mapema, kwa lugha anayoielewa, kabla hajajaza fomu nzima. Kazi yake ni adabu kwa mtumiaji. Kazi ya kulinda data ni ya sharti. PostgreSQL, tangu toleo la 9.5 la mwaka 2016, ina pia agizo la ON CONFLICT linaloiambia kanzidata la kufanya pale thamani inapokuwamo tayari, ama kuacha ama kusahihisha rekodi iliyopo, bila kurudisha kosa.

Nafasi tupu, historia na maandishi yanayotofautiana

Sharti la upekee lina mambo matatu yanayowakwaza wengi. La kwanza ni nafasi tupu. Akaunti za kuingilia za watumishi wa ofisi haziunganishwi na mwanachama yeyote, hivyo safu ya mwanachama huachwa tupu. Katika PostgreSQL na MySQL nafasi tupu hazihesabiwi kuwa zinafanana, kwa hiyo akaunti kumi zisizo na mwanachama zinakubalika. SQL Server huruhusu nafasi tupu moja tu katika safu yenye sharti hilo. PostgreSQL 15, ya mwaka 2022, ilimpa msanifu uhuru wa kuchagua.

La pili ni historia. Mwanachama anatakiwa kuwa na kadi moja ya uanachama inayofanya kazi, lakini kadi hupotea na hutolewa nyingine, na chama hakitaki kufuta kumbukumbu ya ile ya zamani. Sharti la kawaida litaikataa kadi mpya. Jibu ni faharasa ya upekee yenye masharti, inayohesabu tu mistari ambayo hali yake ni hai. Kadi kumi zilizofungwa zinaruhusiwa, mbili zilizo hai haziruhusiwi. PostgreSQL, SQLite na SQL Server zinaiwezesha. MySQL haina faharasa ya namna hiyo, na wanaoitumia huongeza safu inayokokotolewa, yenye namba ya mwanachama kadi ikiwa hai na iliyo tupu ikiwa imefungwa.

La tatu ni maandishi. Kanzidata hulinganisha herufi, haimjui mtu. Namba ya NIDA iliyoandikwa na vistari na ileile isiyo na vistari ni thamani mbili tofauti. Namba ya simu inayoanza na 07 na ileile inayoanza na +2557 ni vivyo hivyo. Thamani hizo zinatakiwa kuwekwa katika umbo moja kabla ya kuandikwa, la sivyo sharti litalinda herufi na kumwacha mtu mmoja asajiliwe mara mbili.

Pale pande zote mbili zinapolazimika kuwapo

Masharti yaliyoelezwa hadi hapa yanahakikisha kwamba ombi lina mkopo mmoja au halina kabisa. Kulazimisha kila upande uwe na mwenzake wakati wote ni kazi ngumu zaidi. Katiba ya chama ikisema kila mwanachama awe na akaunti ya hisa, na kila akaunti ya hisa iwe na mwanachama, kila jedwali litauhitaji ufunguo wa mwenzake, na hakuna linaloweza kuandikwa la kwanza. Ni kisa cha kuku na yai. PostgreSQL na Oracle huruhusu ukaguzi wa ufunguo wa kigeni uahirishwe hadi mwisho wa muamala, hivyo rekodi zote mbili huandikwa kisha hukaguliwa kwa pamoja. MySQL haina uwezo huo. Kwa vitendo, wasanifu wengi huziunganisha taarifa hizo katika jedwali moja, au huandika rekodi zote mbili ndani ya muamala mmoja.

Ufutaji nao unahitaji uamuzi. Kanzidata inaweza kuagizwa kwamba rekodi ikifutwa, mwenzake afutwe naye, au kwamba isifutike kabisa maadamu mwenzake yupo. Kwa picha ya wasifu agizo la kwanza linafaa. Kwa ombi lililokwisha kuzaa mkopo, la pili ndilo salama, kwa sababu deni halitakiwi kutoweka pamoja na karatasi iliyolizaa.

Kuweka sharti kwenye mfumo wa zamani

Mfumo ulioendeshwa miaka bila sharti huwa una rekodi pacha tayari, na kanzidata hukataa kuongeza sharti ikikuta hata jozi moja. Kazi huanza kwa kuorodhesha kila ombi_id inayoonekana zaidi ya mara moja. Kila jozi huchunguzwa na mtu anayeijua kazi, kwa kuwa kompyuta haiwezi kujua ni mkopo upi uliolipwa kweli na upi ulioandikwa kwa bahati mbaya. Marejesho yaliyoandikwa kwenye rekodi isiyo halali huhamishiwa kwenye ile halali, kisha iliyozidi huondolewa katika jedwali, nakala yake ikihifadhiwa kwa ajili ya wakaguzi. Mwisho sharti huongezwa. Jedwali likishalikubali, hapo ni hakika kwamba hakuna ombi hata moja lenye mikopo miwili, na halitakuwapo, awe aliyeandika ni ofisa kwenye tovuti, programu ya simu au mhasibu anayeingiza orodha kutoka kwenye Excel.